Risasi Zisizolia

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Ukinisalimia mara mbili kwa siku moja nitajiuliza unataka nini. Mama ndiye aliyenilea hivyo. Kwetu Katumba, makazi ya waliokuwa wakimbizi, wazazi wetu walikuwa watu wa kuulizwa makaratasi kila walipogeuka, na hata baada ya uraia kupatikana, mama aliendelea kuficha cheti chake kwenye debe la unga, chini kabisa, kana kwamba kuna mtu atakuja kukidai. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "mtu akikuchekea, tazama kwanza ameshika nini mkononi." Nikakua natazama mikono ya watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne kijiji kiliponichagua kwenda mafunzo ya askari wa wanyamapori, kwenye kambi iliyokuwa msituni upande wa Ugalla. Tulikuwa kumi na wanne, wanawake wawili tu, na mwenzangu alirudi kwao wiki ya kwanza kwa malaria. Miezi mitatu ya kukimbia, kusoma nyayo, kujifunza sheria, halafu mwisho mtihani wa shabaha: risasi kumi, mita mia moja, saba ziingie kwenye duara. Ukifikisha saba unapata mkataba, sare na buti. Usipofikisha unarudi ulikotoka, na mimi nilikotoka ni kwenye tumbaku ya baba. Kupalilia, kuvunja majani, kuyafunga kwenye fito, kuchochea moto kwenye bani la kukaushia mpaka macho yanageuka mekundu. Niliapa sirudi huko hata kama ni kwa kubebwa.

Sasa siku ya kwanza ya kulenga, mama wee! Bunduki ilikuwa raifo kuukuu, nzito, na kabla haijalia nilikuwa nimeshafumba macho. Nilipiga tatu, zote zikachimba udongo chini ya shabaha, upande wa kushoto. Shabaha yenyewe ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye fremu mbele ya kichuguu kikubwa, na kijana mmoja wa Kisukuma tuliyekuwa naye kundi moja akapiga kelele, "Dada, waache mchwa wa watu, hawajakukosea!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini roho ilikuwa inaniuma.

Mwalimu wetu wa shabaha hakucheka. Alikuwa mzee wa Kifipa, mstaafu wa jeshi, amechukuliwa kwa mkataba kutufundisha. Tulimwita Afande tu. Mfupi, mkimya, anaongea kama mtu anayelipia maneno. Wakati wengine wote walikuwa wanatazama karatasi kuona nimepiga wapi, yeye alikuwa ananitazama mkono. Akasogea, akasema, "Binti, mkono wako unaogopa kabla ya sikio. Kesho alfajiri, kabla wenzako hawajaamka, njoo pale kwenye kichuguu."

Mmh! Machale yakanicheza hapo hapo. Mzee wa miaka sitini na ushee, binti peke yake, alfajiri, kichuguuni. Kwani aliyekosa shabaha siku ile nilikuwa mimi peke yangu? Yule kijana wa Kisukuma mwenyewe alikuwa amepiga moja hewani. Nilimweleza, akanitania, "Nenda tu shemeji, akikuoa utatuletea nyama." Nikamwambia apotelee mbali. Lakini nilienda, maana hofu ya tumbaku ilikuwa kubwa kuliko hofu ya mzee. Nilikwenda na simu mfukoni, nimewasha sehemu ya kurekodi sauti, ili akisema neno la ajabu nimnase. Nilirekodi wiki nzima. Nikisikiliza jioni, nasikia ndege, nasikia kikohozi chake, nasikia neno moja: "Tena." Halafu kimya. Halafu "Tena."

Kazi ilikuwa hivi. Bunduki tupu, haina kitu ndani. Nalala kifudifudi, kitako begani, halafu yeye anachukua kizibo cha soda anakiweka juu ya mtutu, kule mwishoni. Mimi nabonyeza kifyatulio, ile wenyewe tunaita triga. Kizibo kikianguka, tena. Kidole nisiingize mpaka kwenye kiungo, niweke nyama ya ncha tu. Nisivute, nibane. "Unajua unavyobana embe sokoni kujua kama limeiva?" aliniuliza. "Hutaki muuzaji aone alama ya kidole. Ndivyo hivyo hivyo." Kuhusu pumzi, vuta, toa nusu, tulia. Na kubwa kuliko yote, nisijue ni saa ngapi itafyatuka. "Mlio ukukute," alisema. "Wewe unaukimbilia. Unaujua unakuja, basi mkono unausukuma mtutu chini kabla."

Siku ya nane kizibo kilikaa. Kilikaa mara kumi mfululizo. Nikamtazama nikitarajia hata tabasamu, akasema, "Haya. Kesho za moto." Akaokota kizibo akaondoka.

Hapa lazima niwaeleze sheria ya kambi, maana bila hiyo hamtanielewa. Kila mwanafunzi alikuwa na risasi kumi za mazoezi, basi. Kundi lililotutangulia kulikuwa na mmoja aliyepewa nyingi kwa sababu ya ujamaa na wakubwa, wenzake wakalalamika mpaka wilayani. Tangu hapo mkuu wa kambi akatangaza mbele ya gwaride: atakayebainika kuongezewa hata moja, jina lake linafutwa kwenye mtihani. Mwalimu naye alikuwa na kumi zake za kutuonyeshea. Na risasi zote zinakaa stoo, kwenye sanduku lenye kufuli. Zikitoka zinatoka kwa saini. Kulala na risasi nyumbani kwako ni kosa kubwa, na Katavi kila mtu anajua kwa nini. Mwezi ule ule tulikuta tembo amelala kando ya mto, uso wote umepasuliwa kwa kung'olewa meno, na nzi wametanda. Risasi zilizomuua mnyama yule zilitoka mahali, na mtu fulani alizitoa.

Kwa hiyo nilipoanza kupiga za moto na Afande, nilikuwa macho. Na kilichofuata hata mtu asiye mshuku angekishuku.

Alikuwa ananigeuzia mgongo anapojaza risasi. Kila mara. Anasema, "Leo tano," anageuka, nasikia zinaingia, ananipa bunduki. Ya kwanza inalia. Ya pili nabana, nabana, halafu ka! Hakuna mlio. Chuma kimegonga chuma. Na mtutu ule umeinama kama mbuzi anayekunywa maji, mimi mwenyewe nimeuona. Kabla sijasema kitu ananinyang'anya bunduki, anageuka, anaitoa ile risasi, anaitia mfukoni.

"Afande, imekuwaje?"

"Za zamani hizi. Nyingine mbovu."

"Nione?"

"Utaona nini? Lala. Tena."

Siku hiyo kati ya tano zililia tatu. Kesho yake kati ya tano zililia mbili. Keshokutwa, tatu. Na zile zisizolia zote mfukoni. Nilikuwa nahesabu zisizolia tu, kumi zangu zimefika wapi sikujiuliza. Nikajiuliza, risasi mbovu gani hizi zinazomwangukia mtu mmoja? Wenzangu walikuwa wanapiga za boksi lile lile mchana, zote zinalia vizuri. Nikajisema, hapa napigwa changa la macho. Mzee amepata njia. Anaandika stoo kwamba binti kapiga tano, kumbe kapiga mbili, tatu zimebaki mfukoni, na ndiyo maana anataka alfajiri, ndiyo maana alichagua mimi mjinga wa shabaha ambaye hakuna atakayeshangaa nikihitaji mazoezi. Akili kumkichwa!

Nikaanza kumfuatilia. Niliona ana kopo la maziwa ya unga dirishani kwake, na kila akirudi kutoka kichuguuni anatia vitu humo, vinagonga ko, ko. Siku moja ya Jumatano alikuja mtu na pikipiki kutoka upande wa Katumba, hakuingia hata getini. Afande akamfuata barabarani, wakasemezana kwa sauti ya chini, yule mtu akatoa kifuko, Afande akakichukua, wakaagana haraka. Mimi nilikuwa nachota maji. Niliwaza yule tembo na uso wake.

Niseme ukweli mwingine. Katika siku zile zile, nilikuwa napiga vizuri. Risasi zilizolia zilikuwa zinaingia kwenye duara, moja baada ya nyingine, na mtutu ulikuwa umeacha kuinama hata zile zisizolia zilipogoma. Niliona hivyo kwa macho yangu na wala sikujiuliza. Mtu wa kushuku ana ujinga wake: anatafuta mwizi, hatafuti sababu.

Ijumaa nikaenda ofisini kwa mkuu wa kambi. Nilisimama wima nikasema yote: mgongo, mfuko, kopo, pikipiki. Mkuu akaacha kuandika.

"Una uhakika, binti? Hili si jambo dogo."

"Nimeona kwa macho yangu, mkuu."

"Umefanya vizuri," akasema. Na mimi nikatoka kifua mbele, Mungu anisamehe. Nilijiona askari kamili kabla hata ya kuvaa buti.

Jumamosi asubuhi tukaitwa wote kwenye meza iliyo chini ya turubai, pale tunapokula. Mkuu alikuwepo, mtunza stoo na daftari lake, na Afande amesimama pembeni, mikono nyuma, amevaa shati lake la kijani lililopigwa pasi. Kopo la maziwa lilikuwa mezani. Mkuu akalifungua akalimimina.

Zilitoka risasi za moto tisa. Hizo niliziona, nikasema moyoni, ehe! Halafu zikatoka nyingine, kama kumi na mbili, zikabingirika mpaka ukingoni mwa meza, na moja ikaanguka karibu na mguu wangu. Nikaiokota. Ilikuwa nyepesi. Ganda lilikuwa la kweli, la risasi iliyokwisha kupigwa, lakini kichwa chake kilikuwa cha mti. Mninga, umechongwa ukachongeka, umesuguliwa kwa msasa mpaka unateleza, na kwenye ubavu wa ganda kulikuwa na mikwaruzo ya bunduki.

Nilielewa palepale. Nimeishika na sekunde ile ile nikaelewa yote, hakuna aliyenieleza. Zile zisizolia hazikuwa mbovu. Alikuwa anachanganya za mti na za moto bila mimi kujua ipi ni ipi, ili ninapobana nisijue kama italia, na mkono ukiogopa mbele ya risasi isiyo na kitu, uonekane unavyoogopa. Ndiyo maana alikuwa hatazami shabaha. Angeniambia, dawa ingekosa nguvu, maana ningejiandaa. Na yule mtu wa pikipiki, nilikuja kusikia, alikuwa fundi seremala aliyemletea vipande vya mninga.

"Hizi za mti ni za nini?" mkuu akauliza.

"Za kufundishia," Afande akasema.

"Sawa. Na hizi tisa za moto?"

Mtunza stoo akafungua daftari akasoma. Afande alikuwa ametoa risasi zake kumi za kuonyeshea, ameandika kwamba amezipiga. Nani amemwona akipiga? Tukatazamana. Hakuna. Hakuwahi kutuonyesha kwa risasi hata siku moja, alikuwa anatuonyesha kwa mdomo. Nikapiga hesabu kichwani. Kumi zangu, kumi zake. Mimi nilikuwa nimepiga kumi na moja. Zimebaki tisa, na wiki moja mpaka mtihani. Alikuwa ameniwekea.

"Afande," mkuu akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, nilisikia kabisa kwamba alikuwa anatafuta mlango wa kumtolea. "Hizi ulikuwa unamfanyia nani mazoezi? Sema. Kama kuna mwanafunzi, aseme na yeye. Kukosea utaratibu wa mafunzo ni jambo moja. Kuficha risasi tu hivi hivi ni jambo jingine kabisa."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Ni mimi, mkuu. Zilikuwa zangu. Maneno machache tu hayo. Lakini nikaona gwaride, nikasikia ile sauti: jina lake linafutwa. Nikaona bani, nikaona moshi, nikaona baba akiniuliza miezi mitatu nilikuwa nafanya nini huko. Nikatazama chini. Ile risasi ya mti ilikuwa bado mkononi mwangu, nikaikunjia vidole.

Afande alinitazama mara moja, si kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mkuu.

"Zangu mwenyewe," akasema. "Mkono wa mzee unasahau. Nilitaka kuukumbusha."

Hakuna aliyemwamini. Hata mimi nisingemwamini. Alipandishwa kwenye gari la kambi na begi lake moja, akapelekwa polisi Mpanda, na vumbi lilipotulia yule kijana wa Kisukuma akanipiga bega akasema, "Dada, wewe kiboko. Umemnusa!" Wote wakanisifu.

Mtihani ulifanyika Jumamosi iliyofuata, na mwalimu mwingine kutoka wilayani. Nililala, nikaweka ncha ya kidole, nikavuta pumzi, nikatoa nusu. Kila risasi ilinikuta. Tisa kati ya kumi zikaingia, hakuna mwanaume aliyenifikia, na yule mwalimu mgeni akauliza nani alinifundisha kubana kifyatulio vile. Mkuu akanitazama. Nikasema nimejifunza kambini.

Nikapata mkataba, sare na buti. Mama alichinja kuku wawili, akawaambia majirani kwamba binti yake amekamata mwizi wa risasi hata kabla hajaajiriwa. Nilikaa pale kwenye mkeka nasikia anavyosimulia, kila mara anaongeza chumvi, na sikumzuia.

Ilipita karibu mwaka. Nilisikia kesi ya Afande ilikosa nguvu ikafutwa, lakini mkataba wake haukurudi, na mzee aliyetolewa kambini kwa habari ya risasi hapewi kazi nyingine Katavi yote, hata ya kulinda duka. Nilipata likizo nikaenda Mpanda. Niliuliza uliza sokoni Kashaulili mpaka nikaelekezwa. Nilimkuta uani kwake, kibarazani, amezungukwa na maranda, anachonga mipini ya majembe ya kuuza. Alikuwa amekonda. Mkewe alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda na maji, akaingia ndani. Hakujua mimi ni nani, au alijua akaamua kunistahi.

"Shikamoo Afande."

"Marahaba, binti. Habari za kazi?"

"Nzuri." Halafu nikashindwa kuzunguka. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno mengine, yakakimbia. "Afande, mimi ndiye niliyekusema kwa mkuu."

"Najua."

"Nilidhani unaiba. Nilikuona unaweka mfukoni, na yule mtu wa pikipiki, na yule tembo. Nilishuku. Nimekuja kuomba msamaha."

Aliendelea kuchonga. Alipima mpini kwa jicho moja, akauweka chini, akachukua mwingine. Alipoongea sauti yake ilikuwa ile ile ya kichuguuni, haina hasira yoyote, na afadhali angenitukana.

"Kwa kushuku huna kosa," alisema. "Askari lazima ashuku. Mtu anakugeuzia mgongo, anatia risasi mfukoni, usishuku wewe ni nani? Ningekuwa wewe ningeenda kusema siku ya kwanza. Hilo nilishakusamehe ndani ya gari, kabla hatujafika barabara kubwa."

"Asante, Afande."

"Usinishukuru, sijamaliza. Ile asubuhi mezani uliokota moja ya zile za mti. Nilikuona. Ukaigeuza, ukaitazama." Hapo ndipo alipoacha kuchonga, akainua uso. "Pale ulikuwa hushuku tena, binti. Pale ulikuwa unajua."

Nikasema ndiyo. Nilijua. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa mdomo wangu, na nililitamka mbele ya mtu ambaye lilikuwa haliwezi kumsaidia tena.